Kilo ya Kericho

Kwa miaka zaidi ya ishirini niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba kilo ya Kericho ni nyepesi kuliko kilo ya Kisumu. Sisemi kwamba wauzaji wanaiba, hapana. Niliamini kwamba kilo yenyewe, ikipanda mlima, inavimba na kupoteza uzito njiani, kama mtu mnene anavyopoteza pumzi.

Aliyeniambia hivyo alikuwa dereva wa lori lililoleta unga wa ngano shuleni kwetu. Jina lake Wekesa, na alikuwa na sauti ya askofu. Siku moja, wakati vijana wanashusha magunia, alitoa pakiti ya krips za viazi mfukoni akanishikisha.

"Hii nimenunua Ahero, ikiwa imelala bapa kama bahasha," akasema. "Sasa iangalie."

Pakiti ilikuwa imefura kama shavu lenye jino bovu.

"Hiyo ni mlima, Joel. Kila kitu kikipanda huku kwenu kinavimba. Sasa wewe fikiria gunia la unga."

Nikafikiria. Hapo ndipo matatizo yangu yote yalipoanzia, kwa sababu mtu aliyetoka kuhitimu hapaswi kuachwa afikirie peke yake.

Ninayaandika haya kwa ajili yenu mnaobaki jikoni. Nimerudisha funguo za stoo na aproni mbili baada ya miaka thelathini na mmoja katika shule ya bweni ya wasichana huku juu ya Mogogosiek. Mliniomba niandike niliyojifunza. Habari za vyeo nitaziruka; nilipata viwili tu, na cha pili kilikuwa kile cha kwanza kimevaa kofia. Nitaandika juu ya vipimo. Katika miaka hiyo nimesonga ugali ambao ukipangwa sahani kwa sahani ungefika Bomet, uzunguke mji mara mbili, na urudi ukiwa bado moto. Lakini kitu kilichonisumbua kuliko ugali wote huo ni namna ya kugeuza kilo kuwa mkebe, na mkebe kuwa kilo.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Mama Auma, mpishi mkuu. Alikuwa ametoka kule ziwani miaka mingi nyuma, akimfuata mume wake aliyefanya kazi katika kiwanda cha chai. Mume akafariki, naye akabaki na jiko la shule na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya jiko, ile ya mpishi mkuu. Mbele ya nyumba alikuwa na shamba la mboga za managu lenye ukubwa wa kitanda, na alilipenda kama watu wengine wanavyopenda gari.

Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Unajua kupima?"

"Kidogo, Mama."

"Hakuna kidogo. Ama unajua, ama wasichana mia nne wanalala njaa. Chukua hiyo gorogoro."

Gorogoro mnaijua nyote. Hakuna soko kati ya Kaplong na Kabianga lisilokuwa nayo. Ni mkebe wa bati ambao watu wanapimia mahindi na maharagwe wakiuza. Ile ya Mama Auma ilikuwa ya zamani sana. Rangi yote ilikuwa imebanduka, na picha na maandishi vilikuwa vimekwisha kwa kusuguliwa na majivu. Kitu kimoja tu kilibaki, ubavuni, kwa buluu: 2 KG.

Alinifundisha sheria zake. Mahindi yanapimwa na kilele juu, kama sokoni, mpaka punje zianze kuteremka zenyewe. Maharagwe vivyo hivyo. Mchele unasawazishwa kwa mgongo wa kisu. Chumvi haipimwi kwa mkebe, inapimwa kwa mkono. Nilipomuuliza mkono wa nani, kwa sababu mikono ni tofauti, alinionyesha wa kwake. "Huu una akili kuliko kichwa chako." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Na ilifanya kazi. Githeri ilitosha na ugali ulitosha, na katika gunia la mahindi la kilo tisini gorogoro arobaini na tano zilitoka bila ubishi. Kilo mbili kwa mkebe, kama ilivyoandikwa. Nani angeshuku?

Katika miaka hiyo nilijiunga na masomo ya ngumbaru, jioni, katika ukumbi wa kanisa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne, na sasa nilikaa kwenye benchi moja na babu mmoja aliyetaka kusoma Biblia mwenyewe ili aone kama mhubiri wake anaongeza maneno. Nilifanya mtihani, nikapita. Nilitundika cheti ukutani jikoni karibu na dohani mpaka kikawa na rangi ya kitunguu kilichokaangwa. Nilijua kugawanya. Nilijua sehemu. Mama Auma akaanza kuniita Profesa, na mimi, kwa ujinga wangu, nikawa naitika.

Ndipo akaja Madam Prinsipo, mwalimu mkuu mpya. Aliona tunanunua mikate kutoka mjini, inafika imekauka, na akasema shule itaoka mkate wake. Tanuri la matofali likajengwa nyuma ya jiko. Kisha akatuita mimi na Mama Auma ofisini akatuambia wazi, kwa upole, kama daktari. Bodi ya shule ilikuwa inataka jiko lipewe kampuni ya nje inayokuja na wapishi wake. Yeye alikuwa ameomba muda. Baada ya wiki tatu bodi ingetembelea shule. Wakikuta jiko linatoa mkate mzuri, jiko litabaki letu. Wasipokuta, kampuni itaingia, na mpishi wao mkuu atahitaji nyumba.

Tulipotoka Mama Auma alichukua kopo la maji akamwagilia managu yake, ingawa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi hiyo na udongo ulikuwa unameta.

Karatasi aliyotupa Madam ilisema: unga wa ngano kilo kumi, maji lita sita, chumvi gramu mia mbili, hamira gramu mia moja, sukari gramu mia nne, mafuta gramu mia tatu. Tulikuwa na unga, na hamira, na jagi la lita. Mizani hatukuwa nayo. Ile ya stoo ilikuwa imeazimwa kwa mnada wa mavuno kanisani na ikarudi sindano imevunjika. Barua ya kuomba nyingine ilikuwa imeandikwa. Kwa faida yenu niwaarifu kwamba majibu bado yanasubiriwa.

Mama Auma alisimama mbele ya gunia la unga akasoma maandishi yake kwa kidole. "Hii imeandikwa hamsini. Tumwage yote kwa meza, tuigawe mafungu matano sawasawa. Fungu moja ni kumi. Kwisha."

Nataka mkumbuke maneno hayo. Yalisemwa na mwanamke asiye na cheti chochote, siku ya kwanza, kabla hatujaharibu hata punje. Na mimi nikatabasamu vile watu wa vyeti wanavyotabasamu.

"Mama, hiyo ni hamsini ya Kisumu."

"Kisumu imeingiaje hapa?"

"Gunia limejazwa kule chini. Hapa juu kilo imevimba, imepungua. Pakiti za krips nimeziona kwa macho yangu. Maandishi ya gunia hayafai huku."

"Na maandishi ya mkebe?"

"Mkebe umekaa hapa miaka mingi. Umezoea."

Alinitazama kwa jicho kali. Nafikiri kama angekuwa na miaka michache ya shule angenichapa na mwiko. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na karatasi ukutani, na mkate ulitoka kwenye karatasi, na yeye alikuwa anaogopa. "Haya, Profesa," akasema. "Nyumba yangu iko kwa mkono yako."

Basi nikafanya hesabu. Kilo kumi, mkebe kilo mbili: gorogoro tano za unga. Kisha nikachukua kikombe cha bati cha uji nikajaza mkebe maji. Vikombe kumi kamili. Kwa hiyo kikombe kimoja ni gramu mia mbili, cha kitu chochote. Chumvi kikombe kimoja, hamira nusu, sukari viwili, mafuta kimoja na nusu. Ilikuwa inaingia vizuri mno, kama mlango wa kabati jipya. Niliandika kwa chaki ukutani, nikarudi nyuma hatua mbili nikajitazamia.

Tukamwaga, tukakanda. Au niseme, tukaanza kukanda, kwa sababu baada ya dakika tano kile kitu kilikuwa kinatuponyoka kati ya vidole na kurudi kwenye beseni.

"Joel," Mama Auma akasema, mikono yake imezama mpaka viwiko, "tunakanda ama tunaoga?"

"Itashika. Inataka muda."

Tuliipa muda. Iliumuka kwa upana, si kwa urefu. Ilipanda ukingo wa beseni, ikateremka, ikaanza safari ya kuelekea mlangoni. Tuliikusanya kwa vijiko tukaitia kwenye vyombo vya kuokea. Kilichotoka tanurini kilikuwa bapa, chenye ngozi juu na uji ndani. Halafu tukaonja. Chumvi. Wasichana wanne waliotusaidia kuonja walikimbilia mfereji wa maji, na mmoja, binti wa mfugaji, akasema kwao ng'ombe wana jiwe la kulamba lenye ladha hiyo hiyo, ila lile lina adabu.

Sikuelewa. Maji yalikuwa lita sita kwa jagi, na jagi halidanganyi. Unga ulikuwa mikebe mitano, na mkebe umeandikwa. Chumvi, kikombe kimoja tu. Kwa hiyo unga ulionekana mchache na chumvi nyingi, na vyote viwili vilipimwa kwa mkebe ule ule. Nilikaa juu ya kuni nikajaribu kuifikiria mbele, halafu nyuma. Kichwa kilivimba kama krips.

Ijumaa ya wiki ya pili nikaamua kwamba tatizo ni namna ya kujaza. Labda unga unataka kilele, kama mahindi. Nikajaza kwa kilele, nikakandamiza kwa ngumi, nikajaza tena. Ili twende haraka, Mama Auma alikuwa anajaza kwa gorogoro ya pili, ambayo tulinunua sokoni, huku akitikisa na kugonga ubavuni. Katikati ya kazi niligundua kitako cha ile ya pili kimepigwa nyundo kuingia ndani, kama wanavyofanya wauzaji wengine ili mkebe ujae upesi. Kwa hiyo tulikuwa na mikebe iliyoshindiliwa, mikebe iliyogongwa, na mikebe yenye kitako cha uongo, na hakuna aliyekumbuka tumefikisha mingapi.

"Sita," nikasema.

"Saba. Ulihesabu ukiongea na mimi."

"Basi tuweke ya nane tuwe salama."

Hakuna usalama katika unga. Mkate wa siku hiyo haukuwa wa kuliwa. Mlinzi wa lango aliomba mmoja akauweka chini ya lango upepo usilifunge, na ulikaa pale wiki nzima, mvua ikinyesha, bila kubadilika umbo. Mbwa wake aliunusa mara moja na tangu siku ile alipita mbali na lango.

Jumatatu nilifika kazini mapema nikakuta sufuria za Mama Auma, zake mwenyewe za nyumbani, zimeshushwa kutoka kwenye misumari na kufungwa kwa kamba. Alikuwa amekaa mlangoni anang'oa managu, pamoja na yale madogo ambayo hayakuwa tayari.

"Mbona unang'oa yote?"

"Sitaki watu wa kampuni wale managu yangu."

Nimechomwa na mvuke wa ugali mara nyingi, lakini siku ile nilichomeka mahali pengine. Nilitazama ukuta wenye hesabu zangu za chaki. Ulikuwa mwandiko mzuri sana.

Ndipo nikakumbuka kwamba nchi nzima hii yetu imejaa mizani. Kila mwinuko una kituo cha kununulia majani chai, na kila kituo kina mizani ya kuning'iniza yenye uso kama saa. Tumezungukwa na mizani kama samaki alivyozungukwa na maji, na mimi nilikuwa nabishana na mkebe. Nilitia unga kwenye mfuko, chumvi kwenye mwingine, nikachukua gorogoro na kisu cha kusawazishia, na mafuta ya kupikia kwenye ndoo, nikateremka kwenye kituo kilicho chini ya shule.

Wakulima walikuwa kwenye foleni na mifuko yao ya majani. Karani, kijana mpole aitwaye Bett, alinitazama nikitua mizigo.

"Mzee, hii ni majani gani?"

"Ni unga wa ngano."

"Hatununui."

Nilimweleza shida yangu, nikamweleza na habari ya nyumba ya Mama Auma. Wakulima wakasogea, kazi ya kusubiri foleni inachosha na mimi nilikuwa kama sinema. Mbele yangu alisimama Bot Chebet, yaani mama yake Chebet, mwanamke niliyemjua kwa sababu binti yake alisoma kwetu. Alisema nipewe zamu yake, yeye anataka kuona.

Nilijaza gorogoro ya unga kwa kuchota tu, bila kugonga, nikasawazisha kwa kisu, nikamwaga kwenye mfuko wa majani. Mara kumi. Nilitangaza mbele ya watu wote: "Kilo ishirini." Bett akatundika. Sindano ikaenda, ikatetemeka, ikasimama kwenye kumi na tatu. Bett, kwa mazoea, akatoa nusu kilo ya mfuko.

"Kumi na mbili na nusu," akasema.

"Haiwezekani."

"Mzee, mimi nasoma sindano tu."

Bot Chebet alikuwa anacheka mpaka mzigo wake unatikisika mgongoni. "Weri," akaniita, yaani kijana, "kwa nini unashangaa? Mimi mfuko wangu ukijaa majani ya jua, haulingani na mfuko uliojaa majani ya mvua. Yote imejaa. Bett ananiandikia sawa?"

Watu wote wakaitikia kwamba haandiki sawa. Hata watoto wa huko wanajua jambo hilo. Mimi mwenyewe nilikua nikichuma chai ya mama yangu na nilijua. Lakini majani ni majani na unga ni unga, na nilikuwa na nadharia. Niliinua mkono nikawaambia: "Mmeona wenyewe. Kilo saba na nusu zimeliwa na mlima."

Watu wa foleni wakatazamana. Si kwa kukubali, sasa ninavyokumbuka.

Tukapima chumvi, gorogoro nne. Kilo kumi na kidogo, karibu na nusu. Ilitakiwa nane. Chumvi ilikuwa imezidi badala ya kupungua. Bett akaniuliza mlima umefanyaje hapo. Nikamjibu kwamba chumvi ni kitu cha baharini, imefika juzi, bado haijajua baridi. Halafu tukajaza mkebe mafuta, tukapima, tukatoa uzito wa mkebe mtupu. Sindano ikasimama juu ya mbili kama askari wa gwaride. Mbili kamili. Nikasema mafuta hayavimbi kwa sababu ni mafuta. Bot Chebet alishika kichwa chake kwa mikono yote miwili.

Lakini nisikilizeni vizuri, kwa sababu sehemu hii ndiyo itawasaidia jikoni. Sababu zangu zilikuwa upuzi, ila namba zilikuwa za mizani. Mkebe wa unga wa ngano, uliochotwa na kusawazishwa, kilo moja na robo. Kwa hiyo kilo kumi ni mikebe minane, si mitano. Kikombe cha chumvi ni gramu mia mbili na sitini, kwa hiyo mia mbili ni robo tatu ya kikombe na si zaidi. Kwa hivyo usigonge, usitikise, usishindilie, usiweke kilele. Chota, sawazisha, mwaga, na mtu mmoja tu ahesabu, kwa sauti. Na kama una gunia lenye namba juu yake na akili timamu, gawanya gunia.

Siku bodi ilipokuja, tulianza kukanda alfajiri. Mama Auma alihesabu, mimi nikachota. Alipofika nane alisimama, akanitazama kama mtu anayevuka mto kwa gogo moja, akamwaga maji. Lita sita. Donge likashika. Likawa laini, likaacha kunata mikononi, likakaa pale kwenye meza kama shavu la mtoto aliyelala. Mama Auma aliligusa kwa kidole, shimo likarudi juu polepole. Aliligusa tena.

Mwenyekiti wa bodi alikula vipande vitatu akiwa amesimama, akauliza kama kuna jemu, akala cha nne bila jemu. Madam Prinsipo alinipa mkono, kisha akampa Mama Auma mikono yote miwili. Kampuni haikuja. Jioni ile nilisikia kutoka nyuma ya jiko nyundo ikigonga misumari, sufuria zinarudi mahali pake, na wiki iliyofuata kulikuwa na mbegu mpya za managu.

Aliishi katika nyumba ile mpaka alipostaafu kwa hiari yake, kwa siku aliyochagua mwenyewe. Siku ya kuondoka alinipa gorogoro ile ya zamani. "Wewe ndio mnaelewana," akasema.

Nami nikaendelea kufundisha. Nyinyi mliopita mikononi mwangu mnajua: nilichora jedwali ukutani kwa rangi ya mafuta lisifutike, kichwa chake "Mpunguzo wa Mlima". Unga, mchele, sukari, maziwa ya unga, kila kimoja na kiasi kilicholiwa na mlima. Mlilikariri, na mkate wenu haukuharibika hata siku moja. Mwalimu mmoja wa fizikia aliwahi kuingia kuomba chai, akasimama mbele ya jedwali lile mpaka chai ikapoa, akaondoka bila kuinywa. Nilidhani amevutiwa.

Nilipostaafu, nikasema sasa nina muda wa kufunga hoja yangu. Mlimani nilikuwa nimepima. Chini sikuwahi. Nilichota gorogoro moja ya unga hapa nyumbani, nikasawazisha, nikaifunga katika mfuko wa nailoni na kuizungushia utepe mara tatu ili mlima usitoroke njiani. Kilo moja na robo. Nikachukua na mkebe wenyewe, nikashuka mpaka karibu na Kendu Bay, kwa Mama Auma, nikamkuta kwenye kiti chake kile kile cha jikoni, barazani, miguu imevimba kidogo lakini ulimi haujavimba hata kidogo.

"Profesa. Umeniletea nini?"

"Unga, Mama. Uko kilo moja na robo. Twende dukani tuone ukifika mbili."

Alinitazama kwa macho ya siku ile ya beseni, lakini alichukua fimbo yake tukaenda. Muuza sukari aliweka mfuko upande mmoja wa mizani na mawe upande wa pili. Kilo moja na robo. Nikamwomba aangalie mizani yake. Akakasirika. Tukaenda duka la pili. Kilo moja na robo. Nilisimama pale kwenye jua la ziwani, jasho linanitoka, unga mkononi, na miaka ishirini na zaidi ya jedwali inateremka kichwani mwangu kama mahindi kutoka kwenye kilele.

Tulirudi barazani. Alikaa. Nilimpa mkebe, akauweka mapajani.

"Mama, mbona haijarudi kuwa mbili?"

"Joel, hii maneno ya mlima, ulikuwa unaamini kweli?"

"Kweli kabisa."

"Mimi nilidhani ni mzaha yako. Miaka yote. Nilikuwa nasema, huyu Joel anapenda kuchekesha watu."

"Na siku ya mkate? Ulijua nimekosea?"

"Nilijua gunia ni hamsini. Nilikwambia. Halafu ukatoka kwa mizani ukasema nane, na tano mara nane ni arobaini, na gorogoro arobaini ndio ilikuwa inatoka kwa gunia siku zote, nilikuwa nahesabu nikipika chapati. Nikajua umefika. Mkate ikaumuka. Nyumba yangu ikabaki. Nikuulize tena umefika kwa njia gani?"

Aliugeuza mkebe polepole mpaka ule upande wenye buluu, akaweka kucha chini ya ile 2 KG, pale ambapo zamani palikuwa na maandishi na sasa pana bati tupu.

"Huu mkebe niliufungua mimi, kabla wewe hujaandikwa kazi," akasema. "Ulikuwa na mafuta ya kupikia. Hiyo kilo mbili ni ya mafuta yaliyokuwa ndani."